Vishikio Vilivyong'aa

Kila jioni akitoka shule, Ciku hupitia karakana ya baba yake pale Mwihoko. Hufagia maranda, huokota misumari, kisha huketi juu ya mbao na kufanya kazi ya ziada ya shule. Baba yake, Mugo, ni fundi wa vitanda na makabati. Lakini muhula huo karakana ilikuwa na mgeni: mashua ndogo ya tanga, iliyoagizwa na kituo kinachofundisha watoto kuendesha mashua kwenye bwawa moja huko Gatuanyaga.

Ciku aliringa nayo kwelikweli, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua vishikio vya kamba, vile vyuma vya pembe mbili ambavyo kamba ya tanga huzungushiwa isiponyoke. Dukani Thika waliwekewa vya aina mbili. Vingine vilikuwa vya kijivu, vimefifia. Vingine viling'aa hata ukajiona uso. "Hivi, Baba! Hivi!" Baba akacheka, akavichukua vitatu. Akavifunga kwenye sitaha kwa skrubu fupi, vile vile afungavyo vishikio vya makabati.

Alhamisi, Ciku akakuta vishikio viwili havipo. Vilikuwa vimebaki vitundu tu.

"Fundi, vishikio viko wapi?" akamuuliza Njau, fundi mpya, mtu wa maneno machache.

"Viko tu," Njau akajibu bila kumtazama.

Viko tu? Jamani, hilo nalo ni jibu? Tangu hapo Ciku hakusoma hata mstari mmoja. Alichungulia juu ya kitabu. Njau akatoa kitu cheusi mfukoni, akakigusisha kwenye kishikio cha tatu, akatikisa kichwa. Akakifungua, akakizungushia kitambaa na kukitumbukiza kwenye begi lake. Kisha akatupa jicho barabarani. Ngai, Mungu wangu! Anaiba mchana kweupe!

Baba alikuwa amepeleka kitanda Githurai. Simu ya karakana ilikuwa pale pale mezani, na Ciku angeweza kumpigia. Angeweza pia kumuuliza Njau mara ya pili. Hakufanya hata moja. Njau alipotia begi begani na kutoka, Ciku alimfuata mbio akipiga kelele, "Mwizi! Mwizi!"

Mnajua neno hilo linavyowaka mtaani. Watu walitoka madukani kama siafu. Mwendesha bodaboda mmoja akamkaba Njau shingoni, shati likararuka. Mwingine akaokota ubao. Begi likamwagwa, na vishikio vitatu vikaanguka vumbini, viking'aa.

"Si mnaona!" mtu akanguruma.

Njau hakukimbia. Alimtazama Ciku. Hapo ndipo Ciku alipoingiwa na hofu. "Msimpige! Ngojeni Baba!" akalia. Sasa hakuna aliyemsikiliza. Ubao uliinuliwa juu.

"Mwacheni! Mimi ndiye niliyemtuma!" Alikuwa Baba, ndiyo kwanza anarudi kutoka Githurai, akijipenyeza katikati ya watu, akihema. Ubao ukashuka polepole. Punde kila mtu alikuwa akijifanya anapita tu.

Walipoingia karakanani, Baba aliomba kile kitu cheusi. Kilikuwa sumaku. Akaisogeza kwenye kishikio, ikanata. "Hiki ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa," alisema. "Kikilowa maji kitaliwa na kutu. Nami nilikifunga kana kwamba ni cha kabati! Upepo ungevuta tanga kwa nguvu, kingeng'oka na kumvunja mtoto uso. Njau ndiye aliyegundua. Nikamtuma avirudishe Thika, alete vile vya kijivu."

"Mbona hamkuniambia?"

Baba akakuna kichwa. "Ulivipenda sana. Nikamwambia anyamaze, usije ukavunjika moyo. Hapo nilikosea. Ningekwambia ukweli, haya yote yasingetokea."

Ciku akamgeukia Njau, machozi yakimtiririka. "Fundi, nisamehe."

"Wangeniua, Ciku," Njau akasema, akishika shati lake lililoraruka.

Jumamosi vishikio vya kijivu vilifungwa. Hivi vilihitaji bolti ndefu za kupenya sitaha, na chini yake kipande cha ubao mgumu na nati. Mtu mmoja hukaza juu, mwingine hulala chini akishikilia nati kwa spana. Hawaonani. Ciku akaomba awe yeye wa chini.

"Sikiliza, mwanangu," Baba akamwambia kabla hajaingia. "Usipoona kinachofanyika upande wa pili, uliza. Jibu lisipokuridhisha, uliza tena, au mwambie mtu mzima. Neno ulilolipigia kelele barabarani juzi halirudi mdomoni."

Ciku akatambaa gizani chini ya sitaha.

"Umeshika?" sauti ya Njau ikauliza kutoka juu.

"Nimeshika, fundi. Na wewe, uko tayari?"

Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, Njau akacheka.

"Niko tayari. Shikilia hapo hapo, nakaza."