Kamba Moja na Mpinzani

"Nani amesema Redio hakimbii?"

Mwenyekiti wa kamati ya mbio za mtaa aliendelea kupanga namba za wakimbiaji juu ya meza kana kwamba hajasikia. Ukumbi ulikuwa umejaa maboksi ya fulana, na katikati ya maboksi alisimama mwalimu wa michezo, dada ambaye mtaa mzima ulimwita Kocha, jasho la mazoezi halijamkauka. Mbio hizi ni yeye aliyezibuni. Na Redio, kijana asiyeona anayepokea simu hospitalini, ndiye aliyekuwa akikimbia naye kila asubuhi tangu mvua zikatike, wamefungana kamba fupi mikononi ili amwongoze njia.

"Mwenyekiti, nakuuliza."

"Ni usalama, Kocha. Barabara ina matuta, ina mitaro. Mtu akianguka pale lawama zote zinanirudia mimi."

"Juzi hukuwa na wasiwasi huo."

"Juzi sikuwa nimepigiwa simu."

"Na nani?"

Mwenyekiti alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi, ila kwanza alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Na mchumba wako," akasema.

Mchumba wake alikuwa fundi bomba. Kocha alimkuta nje ya geti la shule, amepiga magoti, anafunga koki za kituo cha maji ya wakimbiaji. Fundi alizijua hatua zake, hata hakugeuka.

"Njoo unishikie hapa, mpenzi."

"Ulimpigia Mwenyekiti simu?"

Spana ikasimama.

"Nilikuwa nije kukwambia."

"Lini? Mbio zikishapita?"

"Kocha, sikiliza..."

"Usiniite Kocha. Hilo ni jina la watu."

Fundi akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Kila asubuhi umefungwa mkono na mwanaume mwingine. Mnapita mbele ya kibanda changu mnacheka. Wateja wananiuliza, fundi, yule si mchumba wako? Niwajibu nini?"

"Uwajibu ndiyo."

"Ni rahisi kusema."

"Ukaona dawa ni kumtoa yeye. Hukuja kwangu, hukwenda kwake. Umezunguka nyuma, ukajifanya unaogopa ataanguka."

"Naogopa kweli."

"Unaogopa nini hasa?"

Fundi akaangalia chini. Maji yalikuwa yanavuja kwenye ile koki ambayo hajaimaliza, yanamlowesha viatu, na hakusogea.

"Mwambie mama yako harusi imesimama," Kocha akasema. "Wa kwetu nitawaambia mwenyewe."

Jioni Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe: "Naomba tuongee, hata kidogo tu." Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa fupi: "Nina mbio za kuandaa."

Kocha alirudi kwa Mwenyekiti, akambana mpaka akalegea. Redio akarudishwa, kwa sharti moja. Kocha ndiye msimamizi wa mbio, lazima abaki kwenye mstari wa kumalizia na wauguzi. Redio atafute mtu mwingine wa kumwongoza, anayeweza mwendo wake, na muda wenyewe umebaki kiduchu.

Fundi alikuwa anafunga kibanda chake simu ilipoita. Namba ngeni.

"Shemeji, habari za saa hizi. Redio hapa."

Fundi akaegemea mlango.

"Nasikia ni wewe uliyenikata jina," Redio akaendelea, sauti yake ileile ya kupokea simu, tulivu, haina haraka.

"Nani kakwambia?"

"Napokea simu za hospitali nzima, shemeji. Kuna kitu kinanipita?"

Fundi akazungusha ufunguo kwenye kufuli.

"Sijakupigia tugombane. Natafuta mtu wa kukimbia naye Jumamosi. Wenzangu wote ama wananiacha, ama nawaacha. Naambiwa nawe ni mkimbiaji, na mwendo wako na wangu ni mmoja."

"Mimi?"

"Si ulisema unaogopa nitaanguka? Basi njoo ushike kamba."

"Yeye anajua?"

"Nitamwambia ukikubali."

Fundi alijua kwamba akikataa, jina lake halitasafishika tena kwa Kocha. Hiyo ndiyo sababu iliyomfanya akubali, na alijua si nzuri.

Jumamosi, watu walijaa barabara nzima. Kocha aliwafunga kamba kwa mikono yake mwenyewe, anavuta fundo, hamtazami Fundi usoni.

"Tuta likija sema kabla, usingoje mpaka mfike. Kona, sema kulia au kushoto. Usinyamaze. Ukinyamaza, yeye hana barabara."

"Nimekusikia."

"Sijui kama umenisikia," akasema, akaondoka.

Kipenga kikalia. Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko Fundi alivyotarajia. Kulia. Mtaro kushoto, njoo kwangu kidogo. Tuta, sasa. Redio alikimbia mwepesi, shingo imenyooka, kama mtu anayesikiliza muziki chumba cha pili. Walipopita soko na makelele kupungua, akasema:

"Mbona huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Kilichokufanya upige simu."

Miguu yao iligonga lami kwa pamoja. Fundi aliona aibu, kisha akaona heri aibu kuliko kutojua.

"Unampenda?"

"Nampenda," Redio akasema. "Sijamwambia, na sitamwambia. Umeuliza, nimekujibu. Naomba ibaki kwako."

Mbele yao palikuwa na tuta jingine, limepakwa rangi nyeupe, linaonekana toka mbali. Fundi aliliona. Alikuwa na nafasi ya kusema. Neno lilimjaa mdomoni, likakaa hapohapo, na hakulitoa.

Redio akaenda chini kwa magoti na viganja. Kamba ikamvuta Fundi, naye nusura aanguke juu yake. Wakimbiaji wakagawanyika pande mbili, wakawapita.

Redio akakaa kwenye lami, akapapasa goti, vidole vikarudi na damu.

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Sijui kwa nini." Fundi akachuchumaa. "Hapana. Najua."

Fundi alitamani atukanwe, apigwe hata kofi, amalize deni lake palepale. Ila mwenzake alinyoosha tu ule mkono wenye kamba.

"Ninyanyue."

"Unataka kuendelea na mimi?"

"Kuna mwingine hapa? Ninyanyue, na uanze kusema."

Fundi akasema. Alisema mashimo, kona, mchanga, waya uliolala njiani. Kisha akasema hata yasiyotakiwa: bibi anayepunga kanga kutoka dirishani, mbwa aliyelala katikati ya barabara na wakimbiaji wanamzunguka, mwanaume mnene aliyekaa ukingoni amevua viatu na kukataa kunyanyuka. Redio akacheka kidogo. Walipofika mstari wa kumalizia, sauti ya Fundi ilikuwa imekauka kabisa.

Kocha aliona goti kabla ya kitu kingine.

"Imekuwaje?"

"Nimejikwaa," Redio akasema. "Mbio ndivyo zilivyo."

"Hakujikwaa," Fundi akasema, mbele ya muuguzi, mbele ya Mwenyekiti. "Niliona tuta, nikanyamaza."

Kocha akachukua pamba kwa muuguzi, akaanza kumfuta Redio damu.

"Ondoka mbele yangu," akamwambia Fundi taratibu.

Mchana, watu wakiwa wametawanyika, Fundi alikuwa nje ya geti la shule anafungua zile koki. Aliposikia hatua, safari hii hakuthubutu kumwita.

"Kwa nini umesema?" Kocha akauliza. "Mwenzio alishakufichia."

"Ningenyamaza ungeniamini. Nisingeweza kukaa na hilo."

"Mliongea nini njiani?"

Siri ya Redio ilikuwa kama jiwe mkononi mwake. Sentensi moja tu, na zile asubuhi zote zingechafuka.

"Yetu wawili," akasema. "Mimi siwezi kuyasema."

Kocha akakaa juu ya pipa lililopinduliwa.

"Najua anavyonipenda."

Fundi akainua kichwa.

"Hajanitamkia. Mtu umefungana naye mkono, unakimbia naye kila siku, utakosa kujua? Nilijua kabla yako. Na nikijua hivyo, nikasema ndiyo kwako. Nilikuchagua, na wewe ukaenda kupiga simu za kunizunguka."

"Nisamehe."

"Sijafika huko. Na harusi haiwi tarehe ile. Siwezi kusimama mbele ya watu na hasira hizi."

"Lakini itakuwepo?"

Kocha akainama, akashika ncha ya mpira wa maji uliolala chini, akaanza kuukunja kutoka upande wake.

"Kunja na wewe," akasema. "Tusilale hapa."

Harusi ilikuwepo Jumamosi moja, mvua nyingine zilipokwisha. Mwenyekiti alimnyoa Fundi mwenyewe, akamsema wakati wote wa kunyoa. Mama wa Fundi alilia mpaka akachekwa. Wageni walipokuwa wanakula, simu ya Fundi ikatetemeka mfukoni. Akatoka nje, akaiweka sikioni. Ulikuwa ujumbe wa sauti.

"Shemeji, hongera. Leo niko zamu, msinitafute. Jumatatu ukipata nafasi, nipitie tukimbie."

Kocha alimkuta amesimama nje ya mlango wa ukumbi, simu bado mkononi.

"Nani?"

"Redio. Anasema yuko zamu."

Kocha alijua Redio hana zamu Jumamosi. Akamtazama mumewe, akaona naye anajua.

"Umpitie Jumatatu," akasema.

"Nitampitia."

Wakarudi ndani.