Jina, Mtaa na Namba ya Simu

Simu tatu zilikuwa zikilia kwa pamoja siku fundi wa programu alipoingia ofisi ya mitungi ya oksijeni, shati la bluu limenyooka, akaketi kimakosa kwenye kiti cha mpokea simu.

"Kaka, hicho kiti kina mwenyewe," binti mpokea simu alimwambia.

"Basi mwenyewe anifundishe kazi. Mteja akipiga, mnamtafutaje?"

"Kwa jina, mtaa na namba ya simu. Vyote vitatu."

"Majina hujirudia, mrembo. Namba haijirudii."

"Na akipiga kwa simu ya jirani?"

Fundi alikuna kichwa, akacheka. "Umenishinda. Nitaweka vyote."

Kufikia wiki ya pili walikuwa wakipigiana simu kutoka vyumba viwili vya jengo moja.

Lakini programu ilipoanza kutumika, kisanduku cha kutafutia kilikuwa kimoja tu: namba ya simu. Binti akanuna.

"Vumilia, mpenzi. Mengine nitaongeza mwezi ujao."

Akavumilia. Wakapanga ndoa.

Baba yake, mgonjwa wa mapafu, alikuwa mteja wa ofisi hiyohiyo. Siku moja binti akiwa mapumzikoni, akijaribu viatu vya harusi, mtungi wa mzee uliisha hewa. Simu yake imezima, akaazima ya jirani. Aliyekuwa zamu akaingiza namba ile. Kompyuta ikajibu hakuna mteja huyo. Akaanza kumwandikisha upya. Mtungi ulifika mzee amekwishakata roho.

Miezi miwili binti hakupokea simu ya mchumba wake. Kisha, akipanga mafaili, akakuta mapendekezo ya fundi: jina, mtaa, namba. Mawili ya mwanzo yamekatwa kwa kalamu ya meneja: "Namba inatosha."

Akampigia palepale. "Mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini? Nilijua uko sahihi, nikaogopa kumbishia meneja. Nilinyamaza."

Walikutana jioni ile kwenye benchi nje ya ofisi. Fundi amekonda, kola inampwaya.

"Bado nakutaka uwe mke wangu," alisema.

"Nami nakupenda, tena sana. Hata kinyongo sina, ningekuwa nacho kingeisha. Ila hili haliishi: ukinishika mkono, namsikia Baba akitafuta pumzi."

"Hata nikisubiri?"

"Usisubiri, mpenzi."

Hakubisha. Alimsindikiza hadi kituo cha basi, na basi lilipofika akamshikia mkoba mpaka alipopanda.