Nati Iliyozama

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mtunza sampuli wa kituo cha utafiti alifungua friza namba mbili, akachungulia, akafunga mlango, akaufungua tena. Kisha akapiga ukelele uliofika mpaka karakana, vyumba vitatu mbali.

"Mjomba! Njoo uone! Nati imezama!"

Mjomba wake aliiacha feni aliyokuwa ameifumua mezani, akaja mbio na miaka yake sitini na minane. Kituo kizima kilimwita Mzee Bisibisi, kwa kuwa tangu aajiriwe kutengeneza mashine za maabara, miaka thelathini iliyopita, hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi mfukoni. Hakuuliza nati gani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mpwa wake utaratibu ule: ndani ya kila friza weka kikombe cha plastiki chenye maji, yakishaganda laza nati ya chuma juu ya barafu. Barafu ikiyeyuka, nati inazama. Hata friza ikigandisha upya, nati inabaki kule chini, imefungiwa, wala hakuna wa kuirudisha juu bila kuanza kazi yote mwanzo.

Mzee alikiinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha. Nati ilikuwa imelala kwenye kitako cha kikombe, na juu yake barafu tupu.

"Ijumaa ulipofunga ilikuwa wapi?"

"Juu, Mjomba. Niliitazama saa kumi na dakika arobaini, nikafunga, nikatundika ufunguo pale ukumbini."

"Na sampuli?"

"Zimeganda kama mawe. Mtu akiziona atasema hazijaguswa."

Lakini ziliguswa. Ndani ya friza ile mlikuwa na vichupa mia mbili na arobaini vya maji ya damu, yale ya manjano yanayobaki chembe nyekundu zikishatolewa. Wakimbiaji ishirini walikuwa wamevitoa kwa miezi sita, mara mbili kila mwezi. Kumi walifanya mazoezi uwanja wa bondeni, karibu na tanuri la matofali. Kumi walifanya mlimani, penye hewa safi. Utafiti ulitaka kujua moshi unamfanya nini mwanamichezo kifuani na damuni. Mashine ya kuvipima ilikuwa imeazimwa kutoka mbali, ingefika kesho yake asubuhi. Damu iliyoyeyuka na kugandishwa tena ingetoa majibu ya kipuuzi, na pasipo ile nati hakuna ambaye angejua kwa nini.

Saa tatu kamili Mkurugenzi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshapima vichupa viwili kwa mkono wake, kwa kipimo kidogo cha pale kituoni. Alivua glavu akazitupa.

"Vimekufa. Miezi sita imekwenda na maji."

Akageukia ukutani, ilipobandikwa chati ya kipimajoto. Kipimajoto hicho kilikuwa kidogo kama kiberiti. Kilikaa ndani ya friza usiku na mchana na kuandika joto kila dakika. Mtunza sampuli alikuwa amekichomeka kwenye kompyuta asubuhi ile na kuichapa chati yake. Mstari wa siku tatu ulikuwa umenyooka.

"Nati inasema friza iliyeyuka. Kipimajoto kinasema haikuyeyuka. Kimoja kimechezewa. Anayekishika kipimajoto ni nani?"

"Ni mimi, Mama," alisema mtunza sampuli. "Lakini ningekuwa nimeharibu mimi, si ningenyamaza? Nani angeuliza habari za nati?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba saa nane mchana naingia kwenye bodi, na jina ninalo moja tu la kupeleka. Niletee jingine, au niletee barua ya kuacha kazi."

Mlango ulipofungwa, mpwa alikaa juu ya ndoo akafunika uso. Miaka kumi na moja ya kazi, hajawahi kuvunja hata kichupa.

"Nyanyuka," alisema Mzee Bisibisi. Alikuwa na mchecheto ule ule unaompata akiona mashine ambayo mafundi wote wameshindwa. "Nibandulie hiyo chati. Na miwani yangu iko wapi?"

"Uko nayo usoni, Mjomba."

"Basi tumekwisha anza vizuri."

Kwa mbali mstari ulionekana umenyooka. Mzee alipouweka karibu na pua, aliona vinundu vidogo. Akavihesabu kwa ncha ya bisibisi. Kimoja Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro kumi jioni. Vitatu Jumamosi asubuhi: saa mbili na dakika tano, saa mbili na kumi na mbili, saa mbili na ishirini. Kimoja Jumapili saa kumi na moja jioni.

"Kinundu maana yake nini?"

"Mlango umefunguliwa, hewa ya joto imeingia. Lakini Jumamosi asubuhi hapa hapakuwa na mtu!"

"Hapa, ndiyo. Sasa sikiliza. Hiki cha Ijumaa, mtu anakitoa kipimajoto humu na kukipeleka kwenye friza nyingine. Hiki cha Jumapili, anakirudisha. Katikati, friza yetu imezimwa na kuwashwa tena kwa raha zake, na kipimajoto kinaandika baridi ya kwa jirani. Hivi vitatu ni mlango wa jirani. Nani ana friza inayofunguliwa mara tatu Jumamosi asubuhi?"

Walitazamana. Friza zilikuwa mbili tu pale kituoni.

"Kocha," alinong'ona mpwa. "Ile ya barafu ya wakimbiaji."

Na Kocha alikuwa na sababu. Mwezi uliopita alisimama mkutanini, uso umemvimba, akasema kwamba kama utafiti utafanya uwanja wake wa bondeni ufungwe, basi watamjua yeye ni nani.

Saa nne na robo Mzee alikuwa getini.

"Mwisho wa wiki nani aliingia?" alimuuliza mlinzi.

"Walewale. Kocha anaishi humuhumu, huyo hata simwandiki. Na Grafu." Grafu ndilo jina walilompa mtafiti kijana wa takwimu, kwa jinsi asivyoweza kueleza hata mvua bila kuchora mistari. "Alichelewa kutoka Ijumaa, akaja Jumamosi jioni, akaja na Jumapili jioni. Mchapakazi yule! Wenzake wanalala, yeye yumo tu."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi ni za Kocha na vijana wake. Grafu ni mtu wa jioni, Mzee. Jua la asubuhi wala hawajuani."

Mzee alicheka, akashukuru, akaenda kumtafuta mtu wa jioni.

Grafu alikuwa ofisini kwake, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Alisimama kwa heshima.

"Shikamoo, Mzee. Pole kwa mpwa wako. Imeniuma sana."

"Marahaba. Na wewe pole, kazi yenu imeharibika."

"Ya damu imeharibika. Ya kwangu ni ya mapigo ya moyo, iko salama. Nimeshaimaliza." Akamsogezea kitabu kilichofungwa vizuri. "Mkutano mkubwa wa kimataifa umeshaukubali muhtasari wake."

"Hongera! Mimi haya nimeyasomea madarasa ya jioni, najikongoja tu. Naruhusiwa kufunua?"

"Funua, Mzee wangu."

Mzee alisoma polepole, midomo ikicheza. *Kila Jumamosi, kwa majuma ishirini na sita, dakika kumi baada ya mbio, mtafiti alimpima kila mkimbiaji mapigo ya moyo akiwa amelala chali kwenye nyasi.* Namba zilifuata, kurasa na kurasa, nadhifu kama meno ya kitana.

"Na Jumamosi hii jioni ulikuja?"

"Kumalizia majedwali. Ukiniuliza mimi, Mzee, nisingetafuta mbali. Kocha ana hasira, na ufunguo wa chumba unaning'inia ukumbini kila mtu akiuona."

"Kweli hiyo," alisema Mzee, akakifunga kitabu.

Mzee alimkuta Kocha akikamua mataulo nje ya chumba cha matibabu. Kabla hajasalimiwa alifoka: "Umekuja kunikamata? Nimeshasikia! Ati mimi nimeyeyusha damu ya watoto wangu mwenyewe!"

"Nimekuja kuona friza yako. Ile bawaba niliyoitengeneza bado inalia?"

Kocha alipoa kidogo. Akamwingiza ndani. Friza ilikuwa imejaa mifuko ya barafu, na kando yake mapipa matatu makubwa ya bluu.

"Jumamosi ulifungua mara ngapi?"

"Mara tatu. Vikundi vitatu, wa bondeni na wa mlimani pamoja, kama kila Jumamosi. Wakimaliza kukimbia tu, miguu ndani ya pipa, robo saa nzima, wapende wasipende. Yule mrefu hulia kama mtoto. Nilianza juma la pili, baada ya wawili kuvimba vifundo." Akavuta daftari lenye madoa ya maji. "Soma mwenyewe: saa mbili na tano, saa mbili na kumi na mbili, saa mbili na ishirini. Kwani vipi?"

Mzee alikuwa amesimama katikati ya chumba, bisibisi mkononi, akitabasamu kama mtu aliyesikia mashine iliyokufa ikikohoa na kuanza kunguruma.

"Kocha, saa nane kasoro robo njoo chumba cha mikutano. Na uwalete wakimbiaji wawili wakae pale nje."

"Nikamatwe mbele yao?"

"Njoo tu, bwana. Na hilo daftari usilisahau."

Saa nane kasoro robo wote walikuwa mezani: Mkurugenzi, Grafu, Kocha, na mtunza sampuli, ambaye alikuwa ameishika bahasha nyeupe kwa mikono miwili. Mzee Bisibisi alieleza habari za vinundu, akaiweka chati kando ya daftari la Kocha. Dakika zililingana moja kwa moja.

Mkurugenzi alimgeukia Kocha. "Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi?" Kocha aliruka, kiti kikaanguka. "Mzee, umenifanyia nini?"

"Inua kiti, ukae," alisema Mzee. "Mama Mkurugenzi, nivumilie dakika tano. Aliyeyeyusha damu alihitaji friza ambayo haitaguswa mpaka Jumapili, ili mstari unyooke. Akakizika kipimajoto chini ya mifuko ya Kocha. Je, Kocha angekificha pale, akijua kwamba kesho yake ataifungua mara tatu? Mpwa wangu ndiye anayejaza mifuko ile kila Ijumaa, naye anajua. Mimi natengeneza bawaba yake, najua. Aliyefanya haya aliamini friza ile inalala mwisho wa wiki nzima. Ni mtu asiyejua Jumamosi asubuhi pana nini."

"Basi ni mtu wa nje," alisema Grafu haraka.

"Huenda. Hebu tusaidie wewe, maana Jumamosi zote ishirini na sita ulikuwapo. Wakimbiaji wakimaliza mbio, wanafanya nini?"

Grafu alirekebisha kalamu zake. "Wanapumzika. Wanalala kwenye nyasi, nawapima mapigo ya moyo, wanakunywa maji, wanaondoka."

"Dakika kumi baada ya mbio wako kwenye nyasi?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Nyasi gani?" Kocha alinguruma. "Dakika kumi baada ya mbio wamo ndani ya pipa, wanatetemeka! Karibu miezi sita sasa! Wewe uliwapimia wapi, ndotoni?"

Mkurugenzi alikivuta kitabu cha Grafu, akakifungua ukurasa ule ule, akausoma, akausoma tena.

"Labda... labda niliandika kwa ufupi," alisema Grafu.

"Wakimbiaji wawili wako hapo nje," alisema Mzee kwa upole. "Niwaite waseme mara ya mwisho umewashika mkono ni lini?"

Jasho lilikuwa limelowesha ukosi wa shati la kijana.

"Usiwaite," alisema mwishowe. "Nilikwenda Jumamosi ya kwanza. Ya pili nilipitiwa na usingizi, nikajaza namba za kukisia. Ya tatu ikawa rahisi zaidi. Nikaandika kwamba wa bondeni moyo unachelewa kutulia, kwa kuwa nilidhani ndivyo itakavyokuwa. Mkutano ukaukubali muhtasari. Halafu nikasikia mashine inakuja. Damu ingezikataa namba zangu, ningefanya nini? Nilitaka majibu yavurugike tu, watu waseme sampuli zilichoka. Sikujua habari za nati. Sikutaka mtu yeyote afukuzwe."

"Lakini asubuhi nzima ulimwacha afukuzwe," alisema Mzee Bisibisi. "Na mimi ukanipa pole."

Mkurugenzi alichukua ile bahasha nyeupe kutoka mikononi mwa mtunza sampuli, akaipasua vipande viwili, kisha akamsogezea Grafu karatasi tupu.

"Andika ya kwako. Na ya pili kwa mkutano wako, uwaambie ukweli. Nitaisoma kabla haijatoka." Akainuka, kisha akasimama mbele ya mtunza sampuli. "Nilikukosea. Nati yako ilisema kweli, na mimi nikaamini chati."

"Na damu je, Mama?"

"Damu imekwenda. Mashine nitaomba waturudishie baada ya miezi sita, nikipiga magoti ikibidi." Akamtazama Kocha. "Vijana watakubali kuanza upya?"

Kocha alifungua mlango akawauliza wale wawili pale pale. Yule mrefu aliuliza swali moja tu: kama pipa la barafu litakuwapo tena. Alipojibiwa litakuwapo, aliguna, akasema haya, Jumamosi saa kumi na mbili.

"Na mapigo ya moyo atapima nani?" aliuliza Kocha.

Wote walimgeukia Mzee Bisibisi. Aliirekebisha miwani yake, kifua kikajaa, akajaribu kuonekana kama mtu mwenye shughuli nyingi.

"Mnipe saa nzuri tu," alisema. "Kuamka, mimi naamka."

Jioni ile mtunza sampuli aliosha kikombe, akakijaza maji, akakiweka katika friza namba mbili, akasubiri. Maji yalipokuwa jiwe alimwita mjomba wake. Mzee alitoa nati mfukoni, akaifuta kwa shati, akampa mpwa wake mwenyewe ailaze. Iligonga barafu kwa mlio mdogo mkavu, ikatulia juu, pale inapotakiwa kuwa.