Suruali ya Damascène Haina Mifuko

— Nani njo alikushonea hii mifuko?

Damascène alikuwa amesimama katikati ya atelier yangu, hapa Kamembe juu ya soko, amejifunga pagne ya mteja kiunoni. Alikuwa ameniletea suruali yake nyeusi nimpunguzie pindo. Nikatia mkono mfukoni nione kama hakusahau kitu, na mkono ukagonga ukuta. Mfuko wa kushoto umeshonwa. Wa kulia umeshonwa. Hata ule mdogo wa nyuma nao umefungwa.

— Ni vile nilikuta inauzwa, chérie.

— Inauzwa wapi? Hii suruali niliishona miye! Nilikupatia zawadi ya Noël, na mifuko yake yote wazi!

Akaangalia dari. Mimi nikaangalia mshono. Uzi wa kahawia kwenye kitambaa cheusi. Jamani, mwanamke we, hata kama unaniibia mchumba, si utafute basi uzi wa rangi yake? Niliumia mara mbili, kama mwanamke na kama fundi.

— Kuko mwanamuke mwengine, Dama?

— Gasaro, hakuna mwanamuke. Nitakueleza siku moja.

— Siku gani? Tunaoana tarehe makumi mbili na tisa!

— Kabla ya hiyo. Nakuapia. Leta suruali, nachelewa ku bureau.

Akaivaa vilevile na pindo linaburuta, akanibusu paji la uso, akakimbia.

Huyo Damascène ni mtoto wa Giheke, mpole, mrefu, anacheka na meno yote. Kwetu alijitambulisha kuwa ni comptable, mtu wa hesabu, katika hoteli moja kando ya ziwa. Baba yangu, Papa Nzabonimana, aliyetulea Bukavu kabla ya kurudi huku, ni mzee wa kanisa na ana sharti moja tu kwa wakwe. Mkwe awe maskini, awe anakoroma, hata awe anakula kama jeshi, sawa. Asiwe mtu wa michezo ya pesa. Mdogo wake Papa aliuza mabati ya nyumba yake bati moja moja kwa ajili ya kamari, mpaka mvua ikamkuta kitandani.

Lakini huyo Damascène, Papa alimpenda kuliko sisi wanawe, na sababu ni mikono. Kila akimaliza kula kwetu, kabla ya kuinuka mezani, Damascène alipiga kofi moja dogo, akafungua viganja juu, akavigeuza chini, akavigeuza juu tena, ndipo akasimama.

— Munaona uyu kijana? Papa alisema siku ya kwanza. Anamuonyesha Mungu mikono safi. Bantu ba Giheke biko na heshima!

Papa akaanza kumuiga. Mama akafuata. Kisha Papa akaipeleka kanisani, na haukupita muda mabenchi yote yakawa yanapiga kofi na kugeuza viganja baada ya amina. Mimi mwenyewe niligeuza viganja, nikajivunia mchumba wangu.

Sasa mchumba mwenyewe huyo, mifuko yake inashonwa na mwanamke asiyejua rangi ya uzi.

Jumamosi mchana, Béatrice, mwenzangu wa mashine ya pili, alikwenda kupeleka mapazia hotelini. Simu ikalia.

— Gasaro, acha mashini. Mutu wako nimemuona uku.

— Si njo ku kazi yake?

— Kazi gani? Iko na gilet nyekundu, kakoti kasiko na mikono, iko nazungushia bantu kitu.

— Kitu gani?

— Siyui! Kama sahani kubwa ya bugali, lakini inazunguka, na kuko kaboule, kampira kadogo, kanakimbia ndani. Na bantu banaweka franga!

Nikatazama simu. Asubuhi alikuwa ameniandikia: "Mpenzi, leo niko na hesabu mingi ku bureau, sitashika simu." Na kweli, angeiweka wapi?

Nikachukua elfu ishirini niliyokuwa nimetenga kwa vitambaa vya ndani, nikapanda pikipiki mpaka ziwani. Kwenye mlango wa salle, ukumbi wenyewe wa mchezo, kulikuwa na kibao kirefu cha masharti. Mwanamke mwenye wivu hasomi vibao. Béatrice alikuwa ananingoja, tukaingia.

Meza ndefu ya kijani, imechorwa namba. Mwisho wa meza, lile gurudumu. Nyuma ya gurudumu, Damascène wangu, na pindo lake bado linaburuta. Pembeni alisimama Bruno, chef de salle, msimamizi wa ukumbi, mwanaume wa tai na macho ya mama mkwe. Mchezaji alikuwa mmoja tu, Mzee Ntabaza, mfanyabiashara wa kahawa tunayemshonea makoti.

Damascène aliponiona, jasho lilimtoka juu ya mdomo. Lakini sauti haikutetemeka.

— Bonjour, madame. Karibu ku roulette.

— Bonjour, monsieur le comptable. Nataka kucheza.

Nikamnyooshea pesa. Akarudisha mikono nyuma.

— Weka ku meza, madame. Croupier, ule anazungusha, hapokee franga mu mukono ya muntu.

— Ata mukono yangu hautaki kugusa?

— Ni sheria, madame. Ni ya kila muntu.

Nikaziweka mezani. Akazitandaza noti Bruno azione, kisha akanisukumia jetoni ishirini za njano, vile vidude vya kuchezea badala ya pesa. Za Mzee Ntabaza zilikuwa za bluu, ili zisichanganyike.

— Nifundishe, nikasema. Na usinidanganye. Umezoea.

Akanionyesha meza kwa kidole.

— Kuko numéro kutoka zéro mpaka makumi tatu na sita, madame. Nusu rouge, nyekundu, nusu noir, nyeusi, zéro njo ya kijani. Ukiweka ku rouge na boule ikaanguka ku rouge, unapata sawa na ile uliweka.

— Na kama muntu hajui anataka nani? Anataka huyu na huyu?

— Anaweka jeton juu ya mustari, katikati ya numéro mbili. Jina yake ni à cheval. Moja ikitoka, analipwa kumi na saba.

— Ah! Kumbe muntu anakaa juu ya mustari, na analipwa! Béatrice, umesikia?

— Nimesikia, dada. Njo ile iko nafanya.

— Madame, akasema Damascène, na sasa sauti ilianza kupasuka. Kuko bantu hawawekake à cheval. Bako na numéro moja tu. Maisha yote.

— Na hiyo numéro njo iliwashonea mifuko?

Mzee Ntabaza akaangua kicheko mpaka jetoni zake zikamwagika.

— Maman, ba croupier hawanaka mifuko! Angalia na ule mwengine pale ku caisse, fasi ya kulipia. Hoteli inaifunga yote, basiweke jeton ndani. Ni mulinzi wa mulango njo anashona.

— Mulinzi?

— Anashonaka mubaya sana, akasema Mzee. Rangi yoyote anaikuta.

Nikaangalia. Kweli, yule wa caisse alikuwa amefungwa mifuko kwa uzi wa bluu. Moyo ukashuka mahali pake, nikapumua. Ndipo hasira ya pili ikapanda, kubwa kuliko ya kwanza. Hakuwa na mwanamke, lakini alikuwa ametudanganya sisi wote, amekula chakula cha Papa kama comptable, tena Papa wa mabati!

Nikaweka jetoni tano kwenye rouge. Damascène akazungusha gurudumu upande huu na kaboule upande ule.

— Faites vos jeux... Rien ne va plus!

— Inasema nini?

— Wekeni franga... kisha hakuna kuweka tena, madame. Mikono mbali na meza.

Kumi na saba, noir. Akakokota jetoni zangu bila hata kuniangalia. Nikakusanya zote zilizobaki, nikazipanga juu ya namba moja.

— Makumi mbili na tisa, nikasema. Ni tarehe ya ndoa moja naijua. Ikitoka, ndoa iko. Isipotoka, muntu arudi Giheke.

Damascène akashika ukingo wa meza.

— Madame, tafazali. Numéro moja kati ya makumi tatu na saba! Ile ni noir, weka basi ku noir.

— Apana.

— Ni impair, haigawanyike kwa mbili. Weka ku impair. Ama weka ku douzaine ya tatu, unakamata numéro kumi na mbili mara moja!

— Sikubali kuolewa na douzaine.

— Basi weka ata ku kona! Carré! Jeton moja inakamata numéro ine, unalipwa munane...

— Damascène! Bruno akakohoa. Croupier hashauri mteja.

— Pardon, chef.

Akazungusha. Sijawahi kuona mtu anazungusha kitu kwa huzuni namna ile. Kaboule kakakimbia, kakachoka, kakagonga vyuma, kakaingia kumi na nane. Béatrice akafumba macho. Kakaruka tena, kakalala nyumba ya pili.

Mzee Ntabaza ndiye aliyepiga kelele:

— Makumi mbili na tisa! Maman! Makumi tatu na tano kwa kila jeton! Ni zaidi ya elfu mia tano!

Nilikaa kwenye kiti. Nilichokiona mbele yangu ni surjeteuse, ile mashine ya kufunga pindo ninayoililia kila siku. Niliona mpaka rangi yake.

Bruno akaja taratibu, akaweka kiganja juu ya jetoni zangu.

— Kabla ya kulipa, swali moja. Ku mulango tuliandika: familia na fiancée, ule muchumba wa mufanyakazi, hawachezi. Wakicheza, gain, ile walishinda, inakufa, na mufanyakazi anavua gilet. Damascène, uyu dame unamujua?

Béatrice alinikanyaga mguu. Mzee Ntabaza alianza kutikisa kichwa polepole, kumwonyesha kijana jibu: hapana, hapana. Kaboule kalikuwa kamesema ndiyo, na mimi nilikuwa nangoja mwenye suruali. Akisema hanijui, pesa ni zangu na kazi ni yake. Nilitaka ile mashine, siwezi kudanganya. Lakini nilijua nikimsikia ananikana mbele yangu, nisingeweza kumtazama tena.

Damascène akapiga kofi moja. Akafungua viganja juu, akageuza chini, akageuza juu.

— Namujua, chef. Njo Gasaro, fiancée wangu. Nilimudanganya juu ya kazi, niliogopa kumupoteza. Kumukana siwezi.

Akavua gilet, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

Nililia palepale, jamani. Nililia kama mtoto. Bruno akanirudishia jetoni zangu chache, nazo nikazibadilisha pesa. Tukatoka nje tumeshikana mikono, ziwa likiwa shwari na Bukavu ng'ambo ikionekana vizuri. Tulifika getini ndipo akili ilinirudia.

— Mujinga weye! Ungesema apana!

— Ungeniacha!

— Ningekuacha, lakini na surjeteuse mupya!

Béatrice alikaa chini kabisa kwa kucheka. Mlinzi wa mlango naye alicheka, nikamgeukia:

— Na weye! Jumatatu pita ku atelier, nikupatie uzi mweusi!

Kesho yake, baada ya ibada, kwenye simu ya Damascène ukaingia ujumbe wa Bruno. Akanisomea kwa sauti: "Muntu anakatala kudanganya mbele ya franga yote ile, siwezi kumutupa. Ku roulette haurudi. Comptable wa hoteli anaenda Kigali, na weye hesabu unaijua, nimesema wakuweke fasi yake. Njoo Jumatatu. Mifuko inaruhusiwa."

— Basi yote imeisha, nikasema. Ulisema comptable, uko comptable. Papa hatajua kitu.

— Hapana, Gasaro. Nataka anipe weye akijua.

Nilimwambia amerogwa. Hakunisikiliza. Jioni hiyohiyo alikaa mbele ya Papa, akaeleza yote: gilet, gurudumu, kaboule, mimi na jetoni zangu. Papa alisikiliza akiwa amefumba macho. Mama alishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

— Ulikatala franga yote ile juu ya mutoto wangu?

— Ndiyo, Papa.

— Mudogo wangu angekuwa weye, angekuwa na mabati.

Nikajua nimeolewa. Lakini Papa hakuwa amemaliza. Uso wake ulikuwa umeanza kukunjamana.

— Na ile ya mikono?

Damascène akainamisha kichwa.

— Ni sheria ya kazi, Papa. Kabla ya kuacha meza, croupier anapiga kofi, anageuza mikono, chef aone kama haibe jeton. Ilishaniingia mu mwili.

Papa aliangalia viganja vyake.

— Jumapili iliyopita nilienda kuifundisha mpaka kanisa ya Gikundamvura.

— Papa, tuwaambie baache?

— Nyamaza, Gasaro! Mikono safi ni mikono safi. Na Mungu njo Chef, anapenda kuona. Lakini hii maneno ibakie humu ndani.

Tarehe ishirini na tisa ikafika. Suti ya Damascène niliishona mwenyewe, mifuko sita, kila mmoja mzito wa karanga alizoweka ili tu kuitumia. Mzee Ntabaza alikuja na koti jipya. Mlinzi alikuja. Bruno tulimwalika kwa heshima, akakaa benchi la nyuma karibu na Béatrice, na tai yake.

Mchungaji akatubariki, akasema amina. Papa akasimama wa kwanza. Kisha kanisa zima, wazee, wamama, kwaya, watoto wa shule ya Jumapili, kofi moja: pa! Viganja juu. Viganja chini. Viganja juu.

Bruno alimshika Béatrice mkono, macho yamemtoka.

— Dada, akanong'ona. Hii kanisa yote ilifanyaka kazi ku casino gani?