Sauti Isiyotetemeka

Jumamosi ya soko, foleni ya duka la mikate pale mjini Leskovac hutoka nje ya mlango na kupinda kona. Rumena alikuwa wa sita, amevaa gauni la rangi ya haradali na viatu vya kahawia vilivyobadilishwa soli mara mbili. Redio iliyokaa juu ya tanuri ilikuwa ikirudia kipindi cha Jumapili iliyopita, na sauti iliyotoka humo ilikuwa yake mwenyewe. Hakumwambia mtu.

"Huyu mama wa redio," alisema mwanaume aliyekuwa nyuma yake, "nadhani analala ndani ya kabati la bibi yake."

Mwoka mikate akacheka. "Muache, Novica. Nyimbo za zamani zina maneno."

"Maneno gani? Sikiliza huu. Mtu anasubiri treni. Ubeti wa kwanza anasubiri, wa pili anasubiri, wa tatu kashaota mvi. Si apande basi!"

Foleni ikaangua kicheko. Rumena hakugeuka.

"Na hizo zako mpya?" alisema, macho yake kwenye sinia la burek, zile pai za matabaka. "Nakutaka, nakutaka, nakutaka, halafu ngoma. Mtoto wa miaka miwili akiona keki husema hivyohivyo."

Kicheko kilikatika. Watu walitazama redio, kisha wakamtazama yeye. Masikio ya yule mwanaume yaliwaka kama makaa. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, lakini harufu ya mpira wa matairi ilikuwa haijamtoka mikononi.

"Kumbe wewe ndiye..."

"Mama wa redio. Nina miaka ishirini na saba. Kaka, nipe burek ya jibini, na huyu mpe ya nyama. Atalipa yeye zote mbili. Adhabu."

Novica alilipa. Walikula wamesimama ukingoni mwa mto, mafuta yakiwachuruzika vidoleni, wakabishana mpaka kengele ya kanisa ikapiga saa sita. Hakuna aliyeshinda.

Kipindi cha Rumena kilikwenda hewani kila Jumapili kuanzia saa sita mchana hadi saa nane. Wasikilizaji walipiga simu kusema kama nyimbo bora ni za zamani au za sasa, na katikati Rumena alisoma salamu zilizoandikwa kwenye vikaratasi na kutumbukizwa kwenye sanduku la kioski cha magazeti. Mji mzima uliishi kwa salamu hizo. Mtoto alizaliwa pale zilipomtaja. Kijana aliaga kwenda jeshini pale zilipomuaga. Uchumba nao ulikuwa bado ni uvumi mpaka usomwe.

Chumba cha matangazo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Kitasa cha mlango kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo mwenye kituo, mzee Gradimir, aliufunga kwa komeo la nje kila kipindi kilipoanza, na kuufungua kilipokwisha. Alikuwa na sheria mbili. Salamu iliyoingia sandukuni husomwa ilivyoandikwa. Na ya pili: "Taa nyekundu ikiwaka, binti yangu, mtangazaji hana moyo. Moyo utauchukua mlangoni ukitoka."

Jumapili iliyofuata, Novica alipiga simu.

"Msikilizaji, za zamani au za sasa?"

"Za sasa. Na namsalimu mtangazaji, nguo zake zisinuke dawa ya nondo."

"Tunakushukuru. Kwa heshima yako, huu hapa wimbo wa mwaka ambao baba yako alikuwa ananyonya."

Alipiga tena Jumapili ya pili, na ya tatu. Wauza mboga walianza kuchukua pande. Kufikia mwezi wa Mei, wawili hao waliobishana hewani mchana walikuwa wakitembea jioni kando ya mto wameshikana mikono, na bado wanabishana.

"Roho yangu," Novica alimwambia siku moja, "hivi ukisikia ngoma mguu wako hautingishiki kabisa?"

"Unatingishika. Ila siuambii redioni."

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa la utani. Novica alifanya kazi kwenye gereji ya matairi ya baba yake, mzee Stojko, na nusu ya gereji hiyo ilikuwa ya mzee Blagoje, mwenye binti aitwaye Tijana. Tangu watoto wakiwa na miaka kumi, wazee hao wawili waligonganisha glasi na kusema gereji itakuwa moja siku watoto hao watakapooana. Novica alizoea kucheka. Hakuwahi kusema ndiyo. Hakuwahi kusema hapana pia, na katika nyumba yao asiyesema hapana amekubali.

"Mwambie baba yako," alisema Rumena mwezi wa Juni.

"Nitamwambia. Ngoja mavuno yaishe."

Mavuno yaliisha. "Ngoja tumalize pilipili hoho," alisema mwezi wa Septemba, wakati nyua za mji mzima zinafuka moshi na kila mama anachoma hoho nyekundu kwa ajili ya ajvar ya kupaka mkate majira ya baridi.

"Unajua wewe ni nani, Novica? Wewe ndiye yule mtu wa kwenye wimbo. Unasubiri treni."

Novica alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

Mama yake Novica, Persida, hakuwa mwanamke mbaya. Aliona mwanawe anarudi nyumbani jioni akipiga mluzi, akasikia majirani wanavyosema, akaogopa. Aliogopa urafiki wa miaka thelathini wa mumewe uvunjike, na gereji igawanywe kama mkate. Akachukua kalamu ya wino wa buluu.

Jumapili ile Rumena alifungua kikaratasi cha saba. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, na komeo limefungwa. Jicho lake lilitangulia kidogo mbele ya mdomo, kama ilivyo kawaida ya wasomaji, kwa hiyo alijua kabla ya mji kujua.

"Kwa mwana wetu mpendwa Novica," alisoma, "na mchumba wake Tijana. Kwa uchumba wao tunawatakia furaha, afya na watoto wengi. Mama Persida, baba Stojko, na wakwe zao. Wameomba wimbo wa zamani, wa furaha."

Nyimbo za zamani za furaha ni chache. Rumena alizijua zote. Alichagua mmoja, akauweka, akafungua kikaratasi cha nane. Kwa saa nzima na dakika kumi aliendelea kusalimia watu. Sauti yake ilikuwa laini, sawasawa, kama kitambaa kilichonyooshwa mezani. Chini ya meza, kucha zake zilikuwa zimezama kwenye goti.

Wakati huohuo Novica alikuwa kwenye shimo la gereji, chini ya gari la padri lililokuwa lazima liwe tayari kabla ya sala ya jioni. Alisikia jina lake. Alitaka kusimama, akagonga kichwa kwenye bomba la moshi. Juu yake kulikuwa na chuma, na juu ya chuma sauti ya mpenzi wake inamposea mwanamke mwingine bila kukwama hata kwenye herufi moja. Alipotoka, mafundi walikuwa wamepanga mstari kumpa mkono. Baba yake alimkumbatia. Mikono ya Novica ilikuwa na grisi, nayo ikawa sababu ya kutomkumbatia mtu.

Alimpigia Rumena jioni hiyo. Hakupokea. Jumatatu, Jumanne, vivyo hivyo. Jumatano Rumena aliinua simu ya kituoni bila kufikiri.

"Roho yangu, usikate. Sikujua chochote, ni mama..."

"Hongera."

"Rumena!"

"Miezi mitatu unaniambia ngoja. Kumbe nilikuwa nangojea kuja kusoma tangazo lako."

"Na wewe ulilisoma!" Sauti yake ilipanda. "Ulilisoma kama hali ya hewa. Mawingu kiasi, Novica anaoa. Hukutetemeka hata kidogo. Basi nimejua nilikuwa nani kwako. Mpiga simu."

"Ulitaka nilie mbele ya mji mzima?"

"Nilitaka nijue."

Rumena aliweka simu chini polepole.

Siku zilizofuata pongezi zilimbana Novica kila upande. Mwoka mikate alikataa kupokea malipo. Padri alitaja tarehe. Kila aliyemshika mkono aliongeza tofali moja kwenye ukuta, na kila "asante" aliyojibu, kwa sababu hakulelewa kuwa mkosa adabu, ilikuwa chokaa.

Ijumaa Tijana aliingia gerejini na miwani ya jua, nywele zake zimepakwa rangi nusu dhahabu, nusu machungwa.

"Unaziona hizi?" alisema, akielekeza kidole kichwani. "Nilikuwa saluni, dawa imo kichwani, nimefungwa karatasi za fedha kama kuku wa kuoka. Mara nasikia nimechumbiwa. Saluni nzima ikapiga makofi. Nikapigwa na butwaa, dawa ikapitiliza."

"Pole."

"Pole ya nini? Niambie kitu kimoja, kaka. Unanitaka?"

"Sikutaki, Tijana. Usinielewe vibaya."

"Ungejua ninavyokuelewa vizuri!" Aliketi juu ya tairi, akapumua. "Mimi nina wangu, yuko mji wa Niš. Baba hajui. Nilifikiri wewe ndiye umeandika."

Walitazamana, wakacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo, kimyakimya ili wazee wasisikie.

"Nitaongea na mzee jikoni leo," alisema Novica.

"Jikoni?" Tijana alisimama, akakung'uta sketi. "Novica, umezaliwa wapi? Kilichosemwa redioni hakifutwi jikoni. Ukisema jikoni, watakwambia umechoka, kula supu."

Jumapili, simu ya tano ya kipindi ilipoita, Rumena alibonyeza kitufe.

"Msikilizaji, karibu. Za zamani au za sasa?"

"Nina salamu kwanza."

Aliitambua sauti hiyo. Kukata angeweza. Lakini salamu haikatwi, na nyuma ya kioo kilichotenganisha chumba na ofisi, mzee Gradimir alikuwa amevua miwani yake.

"Endelea, msikilizaji," alisema, kwa sauti ileile laini.

Novica alikuwa amesimama kwenye simu ya ukutani ya gereji. Hatua tatu kutoka kwake, baba yake alikuwa anafunga nati za gurudumu, na redio ya dirishani ilikuwa wazi.

"Jina langu ni Novica, fundi matairi. Jumapili iliyopita ilisomwa salamu ya uchumba wangu. Ilikosewa. Sina uchumba na Tijana. Tijana anajua, na anawasalimu. Mama, nisamehe, ulifanya kwa mapenzi. Baba, nisamehe na wewe. Ningekwambia miaka kumi iliyopita, ila nilikuwa nasubiri treni."

Ufunguo wa nati ulisimama, kisha ukaendelea kuzunguka, kwenye nati ileile iliyokwisha kukaza.

"Na salamu ni ya nani?" aliuliza Rumena.

"Ni ya mtangazaji. Namuuliza hivi, kwa maneno ya nyimbo zangu, maana zake zinachelewa kufika. Nakutaka. Nakutaka, nakutaka. Je, atakubali kuolewa na fundi ambaye kuanzia leo huenda hana gereji? Na wimbo achague yeye. Nakuja huko."

Simu ikakatika. Hewani kukawa kimya. Sekunde tano, sita. Katika redio, huo ni msiba. Mzee Gradimir aligonga kioo kwa pete yake, na Rumena akaweka santuri ya kwanza iliyokuwa karibu.

Aliinuka, akasukuma mlango. Komeo. Akaonyesha kidole. Mzee Gradimir alitikisa kichwa kwa huruma, akainua vidole vinne kisha akakunja ngumi. Dakika arobaini. Akamwambia kwa midomo tu kupitia kioo, bila sauti: kipindi, binti yangu.

Akaketi. Akasalimia mjomba aliyestaafu. Akasalimia mapacha. Baada ya robo saa, nyuma ya bega la mzee Gradimir, alimwona Novica amesimama na ovaroli yake, anahema, ana begi moja mkononi na alama nyeusi ya grisi shavuni. Kati yao kulikuwa na kioo, komeo na taa nyekundu.

Ndani ya daftari lake kulikuwa na kile kikaratasi cha wino wa buluu. Alikitunza, hakujua kwa nini. Alikigeuza, akaandika upande wake wa pili, kwa sababu sheria ilisema salamu husomwa ilivyoandikwa, na haikusema ni nani haruhusiwi kuandika.

Uani kwake, Persida alikuwa amekwisha kuizima redio, tangu mwanawe aliposema nisamehe. Alikuwa amekaa mbele ya jiko la kuni, akimenya hoho za moto kwa vidole vilivyozoea, macho yakimtoka machozi ambayo angeweza kusema ni ya moshi. Lakini Jumapili ya Septemba majirani wote wako uani, na redio zao zote ziko kituo kimoja. Sauti ilivuka ukuta wa kulia, ukuta wa kushoto, na ikaja tena kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Salamu hii," ilisema sauti, "ni kutoka kwa Rumena, kwa Novica. Jibu ni..."

Ikakwama. Ikaanza tena, ikavunjika katikati, ikatetemeka kama bati kwenye upepo. "Jibu ni ndiyo. Samahani, wasikilizaji. Ndiyo."

Kuta tatu zilipiga kelele kwa pamoja. Kisha ikaja ngoma, kubwa, ya kisasa, mpya kabisa, ambayo kipindi kile hakijawahi kuipiga.

Persida alisikiliza ngoma hiyo mpaka mwisho, hoho mkononi.

"Umeisikia sauti ya yule binti?" alimwambia mumewe, aliyekuwa ameingia na kusimama langoni, asijue aweke wapi mikono yake.

"Nimeisikia."

"Ni ya mtu ambaye hajala wiki nzima."

Akachukua chupa moja ya ajvar iliyokuwa imeshafungwa, bado ya moto, akaiweka kando, mbali na zile za nyumbani.