Mganga Kwenye Tovuti ya Mama Koku

Likizo au shule, Kokuberwa anaamka kabla watoto wa watu hawajaletwa. Anafagia ua, anatandika mikeka, anakoroga uji mpaka mkono unauma, halafu anasimama getini kupokea. Watoto wengi ni wa kina mama wanaouza sokoni Tandale. Wanakuja mbio, wanaacha mtoto, wanaondoka mbio. Mwenye kituo hicho cha kulelea watoto ni mama yake, Avelina, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Koku. Kituo hicho ndicho kinachowalisha. Hakuna kingine.

"Huyu kala?" mama anauliza.

"Kala kidogo. Kuna mwingine kajificha stoo, hataki kunawa."

Ndivyo asubuhi zinavyoendaga pale.

Likizo hii Koku, mwanafunzi wa darasa la sita, alimtengenezea mama yake tovuti. Alitumia simu ya mama. Braza Brightson, mwenye steshenari pale njia panda, alikuwa amemweleza kwamba tovuti lazima iwekwe kwa kampuni inayohifadhi tovuti. Ziko za kulipia na ziko za bure, ila za bure zina mambo yake. Koku akaona huyu anatafuta wateja tu. Akachukua ya bure.

Picha zikagoma kuingia zote, zikaingia chache. Anwani ya tovuti ikatoka ndefu kama treni, na jina la kampuni limechomekwa katikati, mpaka mama akashindwa kuitamka. Lakini ilifunguka. Mtoto Hija akinywa uji, huyo. Pacha wa Bi Yasmini wamelala mkekani, hao.

"Na haya maandishi mengi ya nini?" mama aliuliza.

"Masharti ya kampuni, mama."

"Umeyasoma?"

"Yote."

Hakusoma hata mstari mmoja. Aliteremsha kidole mpaka chini, akabonyeza "nakubali". Mama akafurahi, akatuma linki kwenye grupu la wazazi.

Wiki haikuisha. Mama Hija, muuza dagaa, alitokea getini katikati ya asubuhi, kanga imekazwa kiunoni.

"Shikamoo mama," Koku alisema.

"Yuko wapi mwanangu?"

"Anacheza. Karibu ndani."

"Sikaribii! Mama Koku! Njoo hapa! Mie mtoto nilimleta alelewe, sikumleta mumpeleke kwa waganga!"

Mama Koku alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Waganga gani tena, Mama Hija? Umeamkaje leo?"

"Usinichekee. Shoga yangu kanionyesha sokoni kwenye simu yake. Picha ya Hija hii hapa, na pembeni yake mganga kakunja sura. Pete ya bahati! Utajiri wa haraka! Piga namba hii! Sasa niambie, mwanangu na huo utajiri wa haraka vinakutana wapi?"

Kina mama wawili waliokuwa wanapita wakasimama. Mama Koku alitoa simu yake, akafungua tovuti, akamwonyesha. Watoto, mikeka, uji. Basi.

"Haya, nionyeshe huyo mganga."

Mama Hija aliangalia juu, akaangalia chini. Hayupo. "Umemfuta!"

"Nimfute saa ngapi na nimesimama mbele yako? Lete yako tuone."

"Yangu kitochi, haifungui hayo mambo. Lakini macho ninayo!" Akambeba Hija juujuu, uji bado uko mdomoni, akaondoka naye.

Kesho yake nusu ya mikeka ilikuwa mitupu. Bi Yasmini alipiga simu tu.

"Pacha wana mafua, Mama Koku."

"Wote wawili?"

"Wote."

Mafua gani hayo. Mama Koku aliweka simu chini, akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto. Koku hakuwahi kumwona mama yake amekaa asubuhi.

"Huu ni wivu," mama alisema mwishowe. "Ananichafua. Neno la mganga likikaa kwenye kituo cha watoto, halitoki. Nani ataniletea mtoto? Leo hii nampeleka serikali ya mtaa, aseme uongo wake mbele ya mwenyekiti. Shika simu. Nenda kwa Brightson akuchapishie huo ukurasa, uniletee ofisini. Nataka niuweke mezani."

Koku alitoka mbio, hasira zimempanda. Alimwandikia Brightson ile anwani ndefu, Brightson akaifungua kwenye kompyuta yake ya dukani.

Mganga alikuwepo.

Alikuwa amevaa kitambaa chekundu, pete mkononi, pembeni kabisa ya shavu la Hija lenye uji. Chini yake kulikuwa na tangazo la kamari.

"Kompyuta yako ina virusi, braza," Koku alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Haina. Lete simu." Brightson aliweka simu ya mama karibu na kompyuta. Kwenye simu pasafi, kwenye kompyuta mganga. "Umeona? Kwenye simu umeingia kama mwenye tovuti. Kampuni hii mwenye tovuti haimwonyeshi matangazo, inawaonyesha wageni. Wenye matangazo ndio wanaoilipa."

"Mbona hawakuniambia?"

"Wamekuambia. Kwenye masharti. Wewe si ulikubali?"

Koku aliangalia simu. Pale palikuwa pasafi kabisa. Angeweza kupiga picha ya skrini, akamtumia Brightson, ikachapishwa hiyo. Mama angeshinda kesi. Mama Hija angeonekana mwongo mbele ya mtaa mzima, naye hana hata simu ya kuifungulia tovuti ajitetee. Na yale ya "nimesoma yote" yasingejulikana kamwe.

"Sasa nichape ipi?" Brightson aliuliza. "Ya simu au ya hapa? Mteja wewe."

"Ya hapo," Koku alisema. "Na rangi zake."

Ofisini mama alikuwa ameshakaa upande mmoja, Mama Hija upande mwingine, na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mudathir, katikati. Koku aliwaamkia.

"Ushahidi huo umefika, mwenyekiti," mama alisema, akainyakua karatasi. Akaiangalia. Akaendelea kuiangalia.

"Mama," Koku alisema, "ni kweli yupo. Sie tulikuwa hatumwoni, wengine wote wanamwona. Kampuni ya bure ndiyo inamweka. Ilikuwa kwenye masharti. Sikuyasoma, mama. Nilikudanganya."

Mzee Mudathir alinyoosha mkono apewe karatasi, lakini mama hakumpa. Alisimama, akaipeleka kwa Mama Hija kwanza.

"Nisamehe, mwenzangu. Nilikuita mwongo."

Mama Hija aliipokea, akamtazama yule mganga. "Nilijua sijawa chizi," alisema. Kisha akamgeukia Koku. "Na wewe una moyo. Mwingine angeitafuna hii karatasi njiani."

Mzee Mudathir akacheka, Mama Koku naye akashindwa kujizuia. Lakini hakumruhusu Koku atoke ofisini mpaka ameifuta tovuti yote, kila mtu anaona.

Kesho yake Koku alisimama getini na sokoni, akamweleza kila mzazi mwenyewe. Haikuwa rahisi. Mmoja alimsonya. Pacha wa Bi Yasmini hawakurudi, walishapelekwa kituo kingine. Wengine walirudi mmoja mmoja. Brightson akawasaidia kuweka tovuti mpya kwa kampuni ya kulipia. Anwani fupi, jina la kituo tu. Picha ya mtoto haikuwekwa bila mzazi kukubali. Brightson akawaonya kwamba hata huku kuna masharti yake. Ada ni ya kila mwaka, na wakisahau, tovuti inafungwa.

Siku tovuti mpya ilipokuwa tayari, Mama Hija alikuja na Hija mgongoni na simu ya kuazima mkononi. Hakusalimia. Alisimama nje ya geti akapekua tovuti yote mpaka chini. Alipomaliza, alimshusha mtoto.

"Haya, ingia. Uji usiwe wa moto."

Mama na Koku walikuwa wanaosha vikombe.

"Mama, kwa hiyo kitu cha bure ni kibaya?"

"Si kibaya. Ungekuwa unajifunza tu, cha bure kingekutosha. Mie kinachoniuma ni kuniambia umesoma. Ungesema hujasoma, tungekaa tukasoma wote." Mama alisuuza kikombe, akakifunika juu ya meza. "Na ukipewa kitu bure, uliza anayekupa anakula wapi. Hawa kina mama wananilipa mie, ndiyo maana wakinifokea nasikiliza. Ile kampuni wewe ulikuwa huilipi. Anayeilipa ni yule mganga. Sasa ulitaka imsikilize nani?"