Wagonjwa Wote wa Dokta Apollinaire Walipona

Wandugu wa Kadutu, musikilize. Ile siku ya yenga, yaani Jumapili, kanisa ilijaa mpaka inje. Wamama walikuwa na watoto mugongoni, wimbo ulikuwa mutamu, na hakuna mutu aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Wakati wa matangazo, Dokta Apollinaire alisimama, abacost yake, ile koti ya wakubwa, imepigwa pasi vizuri. Ndiye alikuwa anajaribisha dawa mupya ya kuhara kwa watoto wa kartie yetu, mutaa wetu huu.

"Nawaletea habari njema," alisema. "Watoto wote waliokunywa dawa yangu walipona. Wote! Sasa hata Ulaya watasoma jina la Bukavu."

Watu wakapiga makofi. Maman Adèle hakupiga. Akasimama.

"Docteur, na Polycarpe wangu? Ulimunywesha wewe mwenyewe. Tulimuzika!"

"Citoyenne, mama, ikala chini. Yule tulimutosha mu hesabu, tulifuta jina lake. Alikuwa muzaifu tangu mwanzo."

"Mulimutosha? Si ulikuja ku matanga? Si ulikula kwangu?"

Ushenzi gani huu! Unakula ku kilio cha mutoto, kisha unamufuta ili upate cheo! Na si yeye peke yake. Kesho yake wamama wengine wakaanza kusema, na tukajua kwamba kila mutoto aliyekufa alikuwa ametoshwa vile vile.

Mwaka uliofuata surua ikaingia. Infirmière Constance, muuguzi wa kweli kabisa, akapita na chanjo nyumba kwa nyumba. Adèle alifunga mulango, Eulalie, mutoto wake aliyebaki, yuko ndani.

"Maman Adèle, nakuomba. Hii inakinga kweli. Naapa."

"Yule alisema uongo mbele ya altari, Constance. Wewe unasimama ku mulango tu, nitakuaminije? Nenda."

Eulalie hakufa. Lakini surua ilimutwala macho yote mawili. Leo anapapasa ukuta akitafuta mulango, na mama yake anamutazama, anajipiga kifua, anajilaumu. Apollinaire alifukuzwa, akapata kazi ingine Kinshasa. Eti mutaalamu!

MAFUNZO

Mwenye kuficha mutoto aliyekufa na dawa yake anaharibu hata dawa nzuri ya mwenzake. Wazazi, muulize maswali, mukatae uongo, lakini musikatae chanjo. Na ninyi wasomi, muhesabu wafu wetu. Nanyi muliopiga makofi, muache kumusema Adèle ku kisima, eti yeye ndiye alipofusha mutoto wake. Alipouliza mbele yenu wote, hakuna hata mumoja wenu aliyesimama naye.